Bedipani ya Kitanda cha Sita

Vijana wangu mnaoanza kazi za wodi, mjukuu wangu anayesomea uuguzi amenibana niwaandikie. Anasema mnapenda habari za zamani. Sijui kama ni kweli, au ananitafutia tu kitu cha kufanya ili niache kumkosoa mama yake anavyopanga kuni. Mimi nimeishia darasa la nne. Nilicho nacho ni madaftari ambayo nilikuwa naandika kila nikitoka kazini, na baadhi yameliwa na mchwa. Pale ambapo daftari na kichwa changu havikubaliani, nitawaambia, mchague wenyewe.

Nilikuwa mhudumu katika hospitali moja upande wa Karatu, miaka ile ya foleni za sabuni. Jina la hospitali silitaji. Tuliokuwepo tumezeeka, tuna wajukuu, na si haki mtu asomwe makosa yake na mjukuu wake kabla hajayasema mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kila kitu ambacho hakikuhitaji cheti. Nilichemsha vifaa vya upasuaji kwa jiko la mafuta ya taa. Nilifua glavu. Ninyi mnavaa glavu mara moja mnatupa. Sisi glavu ilifuliwa, ikapulizwa kama puto na kuzamishwa majini kutazama kama inatoa mapovu, ikitoa inazibwa kiraka kama mpira wa baiskeli, kisha inapakwa poda na kurudi kazini. Nimeziona glavu zenye utumishi mrefu kuliko wauguzi wengine. Nilibeba pia bedipani, lile beseni la mgonjwa asiyeweza kwenda chooni, na nilipiga bomba, yaani kumwingizia mtu maji ya sabuni kwa nyuma ili choo kifunguke. Kwa kazi hiyo ya mwisho niliitwa Boay Bomba kuanzia Karatu mjini mpaka kwetu Ganako. Kanisani sikuwahi kukosa nafasi kwenye benchi. Watu walinisogelea kidogo tu, wakaacha pengo la heshima.

Sabuni ile ya bomba ilikuwa na hadhi kubwa. Madukani haikuwepo, lakini kwenye kabati la Sista Paulina, muuguzi mkuu wetu, ilikuwepo, imefungwa kwa kufuli kubwa kuliko la dawa. Ikaonekana ajabu moja: wagonjwa waliofunga choo walipungua, lakini sabuni ikaendelea kuisha kwa kasi ileile, na mashati ya wafanyakazi yakazidi kung'aa. Nasema kwa haki, na langu lilikuwa linang'aa.

Sista Paulina ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mama mnene wa Mbulu, mwenye sauti ya chini, na alipokasirika iliteremka zaidi mpaka ukalazimika kumsogelea ili usikie unavyotukanwa. Alinifundisha kupima joto la maji kwa kiwiko, siyo kwa kidole, maana kidole cha mfanyakazi kimeshakufa ganzi. Alinifundisha kumwagia bedipani maji ya moto kabla ya kumpa mgonjwa asubuhi za baridi, kwa sababu mwili ukiguswa na bati baridi unasahau ulichotaka kufanya. Na alinifundisha jambo moja kubwa baada ya kosa langu la kwanza.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Niliambiwa nipige bomba kitanda cha tatu. Nikaenda, nikamkuta mzee amelala, nikamwambia ageuke ubavu wa kushoto, akageuka, nikafanya kazi yangu vizuri sana. Alikuwa mwalimu wa dini. Alikuja kumwombea mgonjwa, akakuta mgonjwa ametoka kuota jua, akajinyoosha kumsubiri. Nilipomwuliza kwa nini hakukataa, akaniambia kwa upole kwamba alidhani ndio utaratibu wa hospitali. Akanishukuru, na akaenda zake kwa haraka.

Sista aliniita, akateremsha sauti. "Boay, mtu akiingia humu ndani, hata ukimwambia alale juu ya dari atauliza ngazi iko wapi. Usisubiri mgonjwa akwambie umekosea. Hatakwambia."

Hayo niliyaandika daftarini, nikayapigia mstari chini. Halafu nikayasahau, kama mtakavyoona.

Sasa nije kwa Yeyo Nasieku. Yeyo kwa Kimaasai ni mama. Alikuwa mjane wa makamo kutoka Nainokanoka, huko juu Ngorongoro. Kwa muda wa kama miaka miwili tumbo lake lilikuwa linamkamata na kumwachia, linamkamata na kumwachia. Daftari langu linaonyesha aliletwa kwetu mara tatu. Mara ya kwanza Bwana Mganga, tabibu wetu wa wodi, alisema ni minyoo. Mara ya pili alisema ni maziwa mengi, akamkataza maziwa, na kumkataza Mmaasai maziwa ni sawa na kumkataza Mmbulu kulima; anakuitikia kwa adabu halafu anarudi nyumbani. Mara ya tatu alisema ni mawazo, kwa kuwa mumewe alikuwa amefariki. Niwe mkweli, mawazo alikuwa nayo, na minyoo labda alikuwa nayo pia. Wengi wetu tulikuwa nayo.

Msimwone Bwana Mganga mtu mbaya. Gari lilipokosa mafuta, alipanda kwa miguu kwenda kuchanja watoto, amebeba sanduku la chanjo kichwani kama mama anayetoka kisimani. Tatizo lake lilikuwa moja, alipenda fomu. Alitunga mwenyewe fomu ya asubuhi yenye maswali manne: umelala, umekula, umepata choo, umetoa upepo. Kila jibu zuri likawekewa alama ya vema kwa wino wa bluu. Alizunguka wodi yenye wagonjwa arobaini kwa muda wa chai kuchemka, na mafaili yakapendeza sana.

Safari ile ya tatu Yeyo alikuja juu ya lori la mahindi, amekonda, anatapika maji ya kijani, na katikati ya tumbo kuna uvimbe laini kama unga wa mkate ulioumuka chini ya kitambaa. Wanawe wa kiume walikuwa mbali na ng'ombe, na binti yake alikuwa na mtoto mchanga. Aliyemleta ni mkwewe, mume wa binti huyo, kijana aitwaye Lembris. Lembris alikuwa amemaliza darasa la saba na Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu. Sisi tulifurahi kupata mkalimani wa bure. Mimi ndiye niliyempendekeza. Hilo liandikeni.

Kila asubuhi ilikuwa hivi. Bwana Mganga anasimama na faili. Lembris anasimama upande wa miguu ya kitanda, uso dirishani, mgongo kwa mgonjwa, kana kwamba anahesabu mbuzi kule nje. Bwana Mganga anasoma maswali manne. Lembris anaanza na neno "Paker", ambalo ni jina la heshima wanaloitana mkwe na mama mkwe, linatokana na kondoo wa mahari. Anasema kidogo, mama anajibu kidogo, na Lembris analiambia dirisha, "Anasema ndiyo."

Vema, vema, vema, vema.

Siku saba za kwanza Yeyo alijikongoja mwenyewe kwenda choo cha nje, na anachofanya mtu chooni ni siri yake na nzi. Siku ya nane alishindwa kusimama, akapewa dripu na bedipani, na hapo ndipo mimi nikaingia katika habari hii. Nilimpelekea bedipani ya moto, nikaichukua kavu. Mchana kavu. Jioni kavu. Beseni la matapishi limejaa, bedipani kavu. Nikatazama faili: choo, vema.

Daftari langu la siku hiyo linasema, "Kitanda cha 6 kavu. Labda nimechelewa kuchukua." Jamani, nimechelewa kuchukua nini, na bedipani haina miguu. Lakini ndivyo nilivyofikiri. Mtu wa darasa la nne akitofautiana na faili, kwanza anajikagua yeye.

Siku ya tisa alikuja mkaguzi kutoka mkoani. Alifungua mafaili kumi, akalisifu moja: faili la kitanda cha sita. Akasema limejazwa kikamilifu, mwandiko safi, na mgonjwa anaendelea vizuri. Akamwomba Bwana Mganga alipeleke kwenye mkutano kama mfano. Mgonjwa mwenye faili alikuwa nyuma yake hatua mbili, anatapika ndani ya beseni nililolishika mimi. Mkaguzi akasogeza viatu. Daftari: "Kitanda cha 6 kavu. Faili limesifiwa." Faili lile lilikuwa na afya kuliko mwenyewe.

Siku ya kumi, kavu. Tumbo limejaa, ngozi inang'aa, na macho ya Yeyo yameingia ndani. Aliponitazama sikuweza kumtazama. Nilijua mtu asiyetoa choo wala upepo, na anatapika, anakufa, Sista alishanifundisha. Lakini nikamtetea kila mtu kichwani mwangu. Labda anakwenda chooni usingizini. Labda Wamaasai wana utaratibu mwingine. Nawaambia msije mkacheka sana, maana ujinga wa namna hii hauhitaji darasa la nne, hata wenye digrii wanao.

Siku ya kumi na moja, kavu. Nikamkuta Lembris nje, amejiegemeza kwenye ukuta wa jiko, ananusa ugoro. Nikamkaribia kama mtu anayetaka kuazima.

"Lembris, yale maswali ya asubuhi, huwa unamwuliza yote?"

"Wewe Mmbulu, una mama mkwe?"

"Ninaye."

"Umewahi kumwuliza kama amejamba?"

Mama mkwe wangu mimi, nikimwona njiani namkwepa kupitia shamba la watu. Siku moja nilimkuta anakula, nikarudi nyuma mpaka nikaangukia banda la kuku.

"Sasa unamwuliza nini?"

"Namwuliza amelalaje. Anasema amelala. Basi. Ndiyo."

"Na yale mengine matatu?"

"Nyinyi si mna faili," akasema. Halafu uso ukambadilika, akafunga kopo la ugoro polepole. "Mimi nilidhani maswali yale ni salamu tu, kwa sababu Bwana Mganga hasubiri jibu. Kwani yana kazi?"

Hakuwa na kosa, na mpaka leo nasema hakuwa na kosa. Angeuliza vile, pale, mbele ya wagonjwa, mama mkwe wake angeona aibu kuliko kifo, na yeye asingeweza kuingia tena kwenye boma lao. Kosa lilikuwa la aliyemchagua kwa kuwa anajua Kiswahili, asimwulize ni nani kwa mgonjwa.

Nikaenda ofisini kwa Bwana Mganga. Nilibeba bedipani. Sikupanga kuibeba, nilikuwa nayo mkononi tu, na nilipogundua nilikuwa nimeshagonga mlango.

"Bwana Mganga, kitanda cha sita hapati choo."

Alifungua lile faili lililosifiwa, akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu. "Vema kumi na moja, Boay. Mimi nina vema kumi na moja. Wewe una nini?"

"Nina bedipani."

Akaitazama. Nikaigeuza juu chini, pale mezani kwake, juu ya karatasi zake zote. Haikudondoka hata tone. Nikamwambia ni siku ya nne sasa.

Hapo nampa haki yake tena. Wengine wangenifukuza kazi, yeye alisimama. Tukaenda wodini karibu tukikimbia. Kitanda cha saba alilala bibi mmoja wa Arash, tukimwita Koko, aliyevunjika mguu, na alikuwepo tangu kabla Yeyo hajaja. Bwana Mganga akamwomba yeye amwulize jirani yake. Koko akauliza kwa sauti ya kuita ng'ombe. Lembris akatoka nje ya jengo mbiombio.

"Anasema tangu siku ya mnada hajapata choo wala upepo," Koko akatafsiri. "Anasema alifikiri mnajua. Hospitali si ndiyo inajua?"

Bwana Mganga akamwuliza kwa nini yeye, aliyelala naye bega kwa bega, hakusema siku zote hizo.

"Mimi mliniuliza mguu," Koko akasema.

Daktari wetu wa upasuaji alikuwa mmoja, na aliona wale tu waliopelekwa kwake kwa maandishi. Alipoweka mkono kwenye tumbo lile alimtazama Bwana Mganga mara moja tu, akaniambia nichemshe vifaa. Tulianza baada ya chakula cha mchana. Kazi yangu ilikuwa kushika chuma cha kuvutia tumbo lisijifunge, na kufukuza nzi kwa pumzi.

Daktari alipofungua, akasimama. Mimi nimeshaona matumbo mengi, ya watu na ya mbuzi. Pale sikuyaona matumbo. Palikuwa na mfuko mmoja mweupe, mgumu, unaong'aa, na utumbo mwembamba wote umo ndani yake umejikunja kama mdudu ndani ya kifukofuko.

"Sista, umewahi kuona hii?"

"Sijawahi, Daktari."

Akafikia kuniuliza na mimi. Nikasema sijawahi.

"Mimi nimeisoma," akasema. "Mstari mmoja, chini ya ukurasa."

Aliuchana ule mfuko kidogo kidogo, kama mtu anayetoa utando juu ya maziwa yaliyochemka bila kumwaga maziwa. Ukivuta kwa pupa utumbo unatoboka, na ukitoboka umeua. Jua lilihama kutoka dirisha moja hadi jingine. Mkono wangu ulikufa ganzi, nikawa nauangalia kama mkono wa jirani. Utumbo ulipoachiwa ulikuwa na rangi ya zambarau, kisha ukaanza kuwa mwekundu, halafu ukatikisika wenyewe. Sista akasema amina kwa sauti ya chini, na mara hiyo hakuwa amekasirika.

Baadaye Daktari alinieleza. Ule utando laini unaofunika matumbo ya kila mtu unaweza kuvimba na kuwaka moto ndani kwa ndani, bila kelele, ukanenepa mwaka hadi mwaka mpaka ukawa gunia linaloyakaba. Ni ugonjwa wa nadra sana. Nikamwuliza unaletwa na nini. Akasema angejua, asingekuwa hapa ananieleza mimi. Nikamwuliza kama bomba langu lingesaidia siku zile. Akasema lisingesaidia, huenda lingemwua. Basi mtu pekee ambaye hakupigwa bomba wodi nzima ndiye aliyestahili kutopigwa, na vema za uongo ndizo zilizomwokoa na bomba langu. Nimeandika hilo kwa sababu nimeahidi kuwa wa haki, lakini sielewi nilipeleke wapi.

Kisha tukaanza kungoja upepo. Mliopo kazini mnajua: tumbo lililofunguliwa halipewi hata uji mpaka lijambe. Koko akapandishwa cheo, akawa mkalimani wa sehemu hiyo. Siku ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Siku ya tatu wagonjwa wote wa wodi walikuwa wanaulizana, na wanaume wa wodi ya pili wakawa wanatuma watu kuuliza. Lembris alikaa nje ya dirisha, mgongo ukutani, hali chakula.

Asubuhi ya nne, Bwana Mganga alipofika na faili, Koko akainua fimbo yake juu.

"Upepo umetoka."

"Una hakika? Mara ngapi?"

"Wewe unataka ngapi?"

Wodi nzima ilipiga makofi. Yeyo alijifunika shuka usoni, na shuka likawa linatikisika, akawa anacheka huku ameshika mshono. Bwana Mganga akaandika vema. Niliitazama baadaye. Ilifanana kabisa na zile kumi na moja.

Mwaka uliofuata, baada ya mvua za masika, Yeyo alinitafuta mnadani Karatu. Amenenepa, amevaa shanga zake zote, na amebeba kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi. Lembris alikuwa hatua tatu nyuma, uso ameupeleka kwenye mbuzi. Yeyo alinishika mkono, akasema maneno mengi. Lembris akatafsiri kwamba amesikia mimi ndiye niliyeona, na asingekuwa hai.

Pale nikashindwa. Siku nne zilikuwa zimenikaa kifuani mwaka mzima. Nikamwambia Lembris amweleze ukweli: kwamba niliona bedipani yake kavu siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, nikanyamaza kwa kuogopa karatasi, na kama angekufa ingekuwa mkononi mwangu. Nilisema taratibu ili asiruke hata neno.

Lembris alinisikiliza mpaka mwisho. Akageukia mbuzi, akasema, "Paker," na maneno mawili matatu. Yeyo akatabasamu, akanisukumia kibuyu kifuani kwa mikono miwili, akaondoka na wenzake.

Nikamkimbilia Lembris. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Umemwambia nini?"

Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma ng'ombe wa jirani.

"Nimemwambia unashukuru kwa maziwa."